Jinsi ya Kufuatilia Ioni za Kasi Ndani ya Tokamaki kwa Laptopu Tu: Mwongozo Kamili

Pwani yetu yote, kuanzia Vanga hadi Lamu, haina tokamaki, mtambo wa majaribio ya fyusheni, hata moja. Haidhuru. Kazi kubwa ya kuzielewa ioni za kasi ni hesabu, na hesabu yake ya mwanzo inaingia kwenye laptopu ya kawaida. Mwongozo huu nawaandikia wanafunzi wa fizikia na uhandisi hapa Mombasa, wa chuo kikuu cha Tudor na wa kwingineko, waliokwisha kusikia habari za fyusheni, yaani kuunganisha viini vyepesi ili kupata nishati, na wanaotaka kujua kitu kimoja kinachowaumiza vichwa wataalamu wake: ioni zenye nishati kubwa huamsha mawimbi ndani ya plazma, yaani gesi ya moto sana ambayo atomi zake zimegawanyika kuwa ioni na elektroni, kisha mawimbi hayo huzisukuma nje ioni zile zile zilizoyaamsha.

Ushauri wangu ni mmoja tangu mwanzo. Usianze na majina ya mawimbi, kwa sababu ni mengi na yote ni vifupisho vya herufi tatu nne vinavyotisha bure. Anza na mwendo: ioni inazunguka mara ngapi kwa sekunde, wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Ukishazijua namba hizo mbili, majina yatakuja yenyewe.

Vya kuandaa

Laptopu yoyote inayowaka. Sakinisha Python pamoja na maktaba zake tatu: NumPy, SciPy na Matplotlib. Nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua papa hapa Mombasa, lakini bando bado linauma mfukoni, kwa hiyo pakua vyote kwa mpigo ukiwa chuoni kisha ufanye kazi bila intaneti. Iandikie programu yako ihifadhi matokeo kwenye faili kila baada ya hatua elfu kadhaa. Stima ikipotea katikati ya hesabu, na itapotea, hutaanza upya.

Kwa upande wa elimu, unahitaji fizikia ya kidato cha nne uliyoielewa kweli na hesabu za vekta za mwaka wa kwanza.

Hatua ya 1: Zijue ioni zako

Tokamaki ni bomba nene lililopindwa likafunga duara, ndani yake mna plazma iliyozuiliwa na uga wa sumaku. Humo ioni za kasi zina asili tatu.

Za kwanza ni alfa. Deuteriamu ikiungana na tritiamu, zote mbili aina nzito za hidrojeni, hutoka neutroni yenye nishati ya MeV 14.1 (MeV ni elektronivolti milioni moja, keV ni elfu moja) na kiini cha heliamu, ndiyo alfa, chenye MeV 3.5. Neutroni haina chaji, inapita kwenye uga wa sumaku na kwenda zake. Alfa ina chaji, inabaki, na kazi yake ni kuipasha moto plazma. Piga hesabu: 3.5 kwa 17.6 ni kama asilimia 20. Mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, umelengwa kutoa megawati 500 za fyusheni kwa kuingiziwa megawati 50 za joto. Asilimia 20 ya 500 ni megawati 100, mara mbili ya joto la kutoka nje. Alfa zikitoroka kabla ya kutoa joto lao, hesabu yote inaanguka.

Za pili hutokana na miale ya atomi zisizo na chaji, zinazopigwa kwa kasi ndani ya plazma na kugeuka ioni humo humo. Kwenye ITER hizi ni deuteriamu za MeV 1. Kwenye mitambo midogo ni keV 60 hadi 100. Za tatu huongezwa kasi na mawimbi ya redio yaliyolinganishwa na mzunguko wa ioni kwenye uga. Katika mwongozo huu tutatumia alfa, maana ndizo zenye maswali mengi, lakini programu ni ile ile: badilisha uzito, chaji na nishati.

Hatua ya 2: Piga kasi nne

Hatua hii inachukua kalamu na dakika chache. Usiiruke.

Tumia vipimo vya ITER: nusu kipenyo kikubwa R₀ = mita 6.2, kidogo a = mita 2, uga wa sumaku B₀ = tesla 5.3, msongamano wa ioni n = 10²⁰ kwa mita ya ujazo, na joto la keV 20.

Kasi ya chembe ni v = √(2E/m). Alfa ya MeV 3.5 ina uzito wa kilo 6.64 × 10⁻²⁷, kwa hiyo inakwenda 1.3 × 10⁷ m/s. Ioni za kawaida za deuteriamu na tritiamu, kwa uzito wa wastani wa 2.5 u (u ni kipimo cha uzito wa atomi, kilo 1.66 × 10⁻²⁷), zinakwenda karibu 1.2 × 10⁶ m/s. Elektroni ni 8.4 × 10⁷ m/s.

Ya nne ni kasi ya wimbi lenyewe. Mwaka 1942 Hannes Alfvén wa Uswidi alionyesha kwamba mstari wa uga wa sumaku ndani ya kiowevu kinachopitisha umeme unaweza kutikisika, na mtikisiko ukasafiri kuufuata mstari huo. Wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kasi ya wimbi hilo ni

v_A = B / √(μ₀ρ)

ambapo μ₀ ni namba ya kudumu ya sumaku, 4π × 10⁻⁷, na ρ ni uzito wa plazma kwa mita ya ujazo. Hapa ρ = 2.5 × 1.66 × 10⁻²⁷ × 10²⁰, sawa na 4.15 × 10⁻⁷, na v_A inakuwa 7.3 × 10⁶ m/s.

Zipange sasa: ioni za kawaida ziko chini sana ya kasi ya wimbi, elektroni ziko juu sana, na alfa inazaliwa ikiwa juu kidogo, mara 1.8 ya v_A. Kwa kuwa alfa hupungua kasi taratibu inapotoa joto lake kwa elektroni, ni lazima ipite kwenye kasi ya wimbi ikiwa njiani kushuka. Haina njia nyingine. Kwa vipimo hivi inachukua karibu sekunde nzima kupoa, na kwa chembe inayozunguka bomba zima ndani ya mikrosekunde chache, sekunde moja ni muda mrefu ajabu.

Mahali watu wanapokosea ni pale pale kila siku: keV haijageuzwa kuwa jouli (zidisha kwa 1.602 × 10⁻¹⁶), msongamano umeandikwa kwa sentimita ya ujazo, au uzito wa protoni umetumika badala ya 2.5 u. Kama v_A yako imetoka kubwa kuliko 10⁷ kwa vipimo hivi, tafuta kosa katika hayo mawili ya mwisho.

Hatua ya 3: Ifuate alfa moja

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza tengeneza uga. Tumia vipimo vya silinda (R, φ, Z): R ni umbali kutoka mhimili wa katikati, φ ni pembe ya kuzunguka bomba kwa mwelekeo mrefu, Z ni kimo. Mfano rahisi wenye sehemu za mviringo, ambao haukiuki sheria za Maxwell kuhusu uga wa sumaku kutokuwa na chanzo, ni huu:

B_φ = B₀R₀ / R
B_R = −B₀Z / (qR)
B_Z = B₀(R − R₀) / (qR)

Namba q inasema mstari wa uga unazunguka bomba mara ngapi kwa mwelekeo mrefu kila unapozunguka mara moja kwa mwelekeo mfupi. Weka q = 1.5 kila mahali kwa kuanzia. ITER halisi ina umbo lililorefuka kwenda juu na q inayobadilika, lakini mfano huu unatosha kufundisha tabia zote tunazozitaka.

Kwa nini mstari upindwe hata kidogo? Jaribu mwenyewe: futa B_R na B_Z, acha B_φ peke yake. Alfa tutakayoianzisha hapa chini itapanda au kushuka kwa kasi ya karibu kilomita 58 kwa sekunde, kwa sababu uga una nguvu zaidi upande wa ndani kuliko wa nje. Ukianzia R = 7.2, itakuwa imefika ukingoni ndani ya takriban mikrosekunde 30. Inahitaji sekunde nzima kutoa joto lake, nawe umeipa mikrosekunde 30! Kupinda kwa mistari ndiko kunakoirudisha.

Pili, isogeze alfa. Tumia mbinu ya Boris, ya mwaka 1970, ambayo bado ndiyo ninayompa kila anayeanza. Badilisha uga uwe wa x, y, z, kisha kila hatua ya muda Δt fanya hivi:

t = (ZeB / 2m) Δt
v′ = v + v × t
s = 2t / (1 + t²)
v mpya = v + v′ × s
nafasi mpya = nafasi + v mpya · Δt

Ze ni chaji ya alfa, na alama × kati ya vekta ni zao la msalaba. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba pasipo uga wa umeme kasi ya chembe haibadiliki kabisa, hata uende hatua milioni. Mbinu maarufu ya Runge na Kutta ni sahihi zaidi kwa hatua moja, lakini inavujisha nishati kidogo kidogo, na baada ya muda mrefu huwezi kujua kilichopungua kimechukuliwa na fizikia au na programu.

Kwenye tesla 5.3 alfa inajizungusha kwenye mstari wa uga mara milioni 40.7 kwa sekunde, yaani duara moja kwa nanosekunde 25 hivi, na nusu kipenyo cha duara hilo ni sentimita 5. Weka Δt ya nanosekunde 0.5 ili kila duara ligawike vipande 50. Hatua 100,000 zitakupa mikrosekunde 50.

Tatu, ianzishe alfa kwenye R = 7.2, Z = 0, ikiwa na MeV 3.5, na asilimia 30 tu ya kasi yake ikielekea kwenye mstari wa uga; iliyobaki iwe ya kujizungusha. Chora R dhidi ya Z.

Kijana mmoja tuliyekuwa tukifanya naye zoezi hili alinigeuzia skrini akasema, "Mwalimu, mbona ioni yangu imehama mji?" Kweli, mchoro wake ulionyesha mstari ulionyooka kuelekea kona ya juu, ukapita ukuta ukaendelea. Nilimwambia afute ioni, achore mistari ya uga peke yake. Ilikuwa haizunguki, ilikuwa inakatiza na kutoka. Alikuwa ameacha alama ya kutoa kwenye B_R. Mistari ikiwa wazi hakuna ioni itakayobaki, kwa hiyo chora uga kabla ya kuchora chembe, kila mara.

Ukiwa umeandika sawasawa, utaona umbo lililopinda lenye ncha mbili, ambalo wataalamu huliita ndizi. Alfa inakwenda hadi mahali uga ulipo na nguvu zaidi, inasimama, inarudi. Usiamini macho tu, hakiki kwa hesabu. Kiasi μ = mv⊥²/2B, v⊥ ikiwa kasi ya kujizungusha, karibu hakibadiliki, kwa hiyo inapaswa kugeuka pale B inapofikia B ya mwanzo ikigawanywa kwa (1 − 0.3²). Hiyo ni tesla 5.0 hivi, iliyoko R ya mita 6.55. Programu yako ikigeuza alfa kati ya 6.5 na 6.6, umefaulu. Unene wa ndizi, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, utakuwa kama sentimita 30, kutegemea umeielekeza alfa upande gani. Ndani ya mikrosekunde 50 itakuwa imerudi mara mbili au tatu.

Sasa badilisha asilimia 30 iwe 80. Ndizi inatoweka, alfa inazunguka bomba moja kwa moja, duara lake likisogea kando kidogo. Mpaka kati ya tabia hizi mbili, kwa kuanzia mahali hapa, ni asilimia 53. Kwa kuwa alfa huzaliwa zikielekea kila upande sawa, karibu nusu yake mahali hapa ni za ndizi.

Kitu cha mwisho cha kuhakiki ni p_φ = mRv_φ + Zeψ, ambapo ψ = B₀r²/2q na r ni umbali kutoka katikati ya bomba. Kiasi hiki hakitakiwi kubadilika, kwa sababu bomba linafanana kila pembe ya φ. Kihifadhi vizuri, katika hatua ya 5 ndicho kitakachotuonyesha alfa inavyotupwa nje.

Hatua ya 4: Linganisha mwendo wa ioni na wa wimbi

Wimbi la Alfvén kwenye plazma isiyo sawa kila mahali huwa halidumu. Kila tabaka lina masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, wimbi linachanika na kufa. Lakini mwaka 1985 Cheng, Chen na Chance walieleza kwamba kupindwa kwa bomba kunaunganisha mawimbi mawili jirani na kuacha pengo la masafa ambamo wimbi linaweza kuishi bila kuchanika. Wimbi hilo hujulikana kwa herufi TAE, na masafa yake ni

f = v_A / (4πqR₀)

Kwa ITER yetu, kilohezi 63.

Upande wa ioni: kutoka kwenye programu yako pima f_φ, yaani mara ngapi kwa sekunde alfa inazunguka bomba kwa mwelekeo mrefu, na f_θ kwa mwelekeo mfupi. Kwa alfa ya asilimia 80, utapata takriban kilohezi 267 na 178. Wimbi na ioni huelewana pale

f = n f_φ − p f_θ

n ikiwa idadi ya vilele vya wimbi ukilizunguka bomba zima, na p namba nzima yoyote. Hali hiyo huitwa resonansi. Umewahi kumwona makanga akikimbia sambamba na matatu pale Kongowea kabla ya kudandia? Gari likimpita kasi, au yeye akilipita, mkono haushiki mlango. Mwendo ukilingana tu ndipo anapopanda, na hapo ndipo nguvu zinapohama kati yao.

Ukiiweka q = 1.5 kwenye mlingano huo utaona resonansi kubwa ni mbili: kasi ya kwenda na mstari ikiwa v_A, au theluthi ya v_A. Alfa yetu ya asilimia 80 inafika ya kwanza ikiwa imepoa hadi MeV 1.75 hivi, yaani nusu ya nishati ya kuzaliwa. Ya pili inaifikia karibu keV 190. Kumbuka hesabu hii inachukulia kwamba pembe yake haijabadilika, jambo ambalo ni kweli kiasi inapopoa kwa elektroni, ila si kweli tena inapokaribia nishati za chini na kuanza kugongana na ioni.

Ile theluthi ndiyo inayofanya mitambo yenye ioni za polepole nayo isumbuliwe. Kwenye tokamaki ya DIII-D, San Diego, R₀ ni mita 1.67, kwa tesla 2 na msongamano wa 4 × 10¹⁹, v_A ni 4.9 × 10⁶. Deuteriamu ya keV 80 inakwenda 2.8 × 10⁶ tu, chini ya v_A, lakini juu ya theluthi yake. TAE zilionekana huko mwaka 1991, na mwaka huo huo kwenye tokamaki ya TFTR, Princeton. Tokamaki ya MAST, Culham, Uingereza, ilikuwa na uga mdogo wa karibu tesla 0.5. Ukipiga hesabu kwa 3 × 10¹⁹ na deuteriamu ya keV 70, utapata ioni ikienda mara 1.8 ya v_A, uwiano ule ule wa alfa za ITER. Binafsi naona hii ndiyo sababu nzuri ya kutodharau mitambo midogo.

Hatua ya 5: Pima ioni inatupwa umbali gani

Mtu akisikia kwamba wimbi limeichukulia alfa keV 100 kati ya 3,500, husema si kitu. Ni chini ya asilimia 3. Shida haiko kwenye nishati, iko kwenye mahali.

Wimbi lenye masafa mamoja na n moja linabadilisha nishati na p_φ kwa pamoja, kwa uwiano usiovunjika:

Δp_φ = (n / ω) ΔE, ambapo ω = 2πf

Kwa kuwa sehemu kubwa ya p_φ ni Zeψ, na ψ inategemea r, alfa inayotoa nishati inalazimika kuhama. Ukirahisisha:

Δr ≈ n q ΔE / (ω Ze B₀ r)

Weka n = 5, q = 1.5, ΔE = keV 100, f = kilohezi 63 na r = mita 1. Jibu ni sentimita 18. Ukiwa na n = 10, ni sentimita 36. Bomba lenyewe lina nusu kipenyo cha mita 2, na mawimbi hayaji moja. Yanakuja mengi, kila moja likiwa na eneo lake. Ioni ikitoka kwenye eneo la wimbi hili ikadondokea la jirani, inapokezanwa hadi ukutani.

Mwelekeo wa kuhama unategemea nani anatoa na nani anapokea. Alfa nyingi ziko katikati, chache ziko pembeni. Kwa hiyo zinazotoa nishati zikielekea nje ni nyingi kuliko zinazopokea zikirudi ndani, na tofauti hiyo ndiyo chakula cha wimbi. Mteremko wa msongamano wa alfa ukiwa mkali, wimbi linakua. Likikua, linausawazisha mteremko.

Usijaribu kuliongeza wimbi kwenye programu yako ya kwanza. Uga wa umeme wa wimbi la Alfvén hauna sehemu inayofuata mstari wa sumaku, na ukiuandika kiholela utaipa ioni nishati ya uongo. Mlingano huo wa Δr utakufikisha mbali kwanza.

Hatua ya 6: Uliza nani anashinda

Wimbi lina maadui pia. Ioni chache za kawaida zenye kasi ya kufikia theluthi ya v_A hulinyonya, elektroni hulipunguza, na pembezoni mwake huvuja likichanika. Hesabu kamili ya ukuaji na unyonyaji inahitaji programu kubwa, sitaifanya hapa. Lakini matukio mawili ya kweli yanaonyesha mizani ilivyo.

La kwanza ni la tokamaki ya PDX, Princeton. Miale ilikuwa imeelekezwa karibu wima kwa mistari ya uga, na taarifa ya mwaka 1983 ilieleza milipuko ya mara kwa mara ambayo alama yake kwenye vipimo ilifanana na mifupa ya samaki, jina lililobaki hadi leo. Asilimia 20 hadi 40 ya nguvu ya miale ilipotea. Wimbi hili si TAE. Linaishi katikati kabisa, penye q ya karibu 1, na linaelewana na ioni za ndizi ambazo ndizi yao nzima inasogea polepole kuzunguka bomba.

La pili ni TFTR, iliyotumia tritiamu kati ya 1993 na 1997. Walitarajia TAE za alfa, hawakuziona kwa urahisi. Zilijitokeza baada ya miale kuzimwa, sehemu ndogo ya sekunde baadaye. Sababu yake ni muda: ioni za miale, zilizokuwa zikilinyonya wimbi, hupoa haraka, alfa huchelewa kupoa. Kwa kipindi kifupi mnyonyaji ameondoka na mchochezi bado yupo. Tokamaki ya JET, Culham, iliurudia ujanja huo ilipotumia tena tritiamu mwaka 2021.

Tena si kila ioni ya kasi ni balaa. Majaribio ya JET yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba ioni za kiwango cha MeV, huku zikiamsha mawimbi ya Alfvén waziwazi, zilituliza msukosuko mdogo mdogo unaovujisha joto, na ioni za kawaida zikabaki na joto zaidi. Anayekwambia mawimbi haya yafutwe yote, mwulize kwanza ni yapi.

Hatua ya 7: Soma spektrogramu

Kwenye mtambo halisi huioni ioni. Unaona koili ndogo ukutani zikipima mtikisiko wa uga. Kabla ya kugusa data ya watu, tengeneza yako. Tunga ishara yenye wimbi la kilohezi 88, ambayo ni kama TAE ya mtambo wa kiasi cha MAST, ongeza kelele, kisha ongeza mlipuko unaoshuka kutoka kilohezi 40 hadi 20 ndani ya milisekunde 2. Sampuli ziwe milioni moja kwa sekunde. Ipitishe kwenye spektrogramu ya SciPy, yaani mchoro wa masafa dhidi ya muda, kwa dirisha la milisekunde 1, litakalokupa utofautishaji wa kilohezi 1. Ukilirefusha dirisha hadi milisekunde 5, mlipuko utakuwa doa lisilosomeka. Ukilifupisha sana, TAE itanenepa. Cheza nalo hadi jicho lizoee.

Ukishazoea, maumbo yanajisema. Mstari ulio karibu bapa, unaoshuka taratibu msongamano ukipanda, ni TAE. Mstari unaopanda mbio kutoka chini kisha kutulia kwenye kimo cha TAE hutokea pale q ina shimo mahali fulani kati ya katikati ya plazma na ukingo, na shimo hilo linazidi kushuka. Masafa yake hufuata |n − m/q| v_A/(2πR₀), m ikiwa idadi ya vilele kwa mwelekeo mfupi, na watafiti huutumia kupima q yenyewe. Milipuko mifupi inayoshuka ghafla, tena na tena, ni mifupa ya samaki. Kama masafa unayoyaona ni nusu au mara mbili ya uliyopiga, kabla ya kutunga nadharia mpya angalia kama plazma yenyewe inazunguka: unaongeza n mara masafa ya mzunguko huo, na kwenye mitambo yenye miale mikali nyongeza hiyo si ndogo.

Data ya MAST imefunguliwa kwa umma, na ndiyo ninayopendekeza kuanzia. Ukitaka kuendelea kufuata njia za ioni kwenye uga halisi, ASCOT5 ya kundi la Ufini ni programu huria, ingawa itaitaka mashine yenye nguvu kuliko laptopu ya kuazima.

Ukiwa na koili mbili kwenye pembe tofauti za φ unaweza kupata n: tofauti ya awamu ikigawanywa kwa tofauti ya pembe. Hapa kuna mtego. Koili zikiwa zimetengana nyuzi 22.5, n na n + 16 zinaonekana sawasawa, kwa kuwa 360 ikigawanywa kwa 22.5 ni 16. Ukipata −3 na mwenzako akapata 13, huenda nyote mmesoma data vizuri. Tafuteni jozi ya koili zilizo karibu zaidi, hata iwe moja tu, au jozi yenye nafasi isiyolingana na hizo nyingine, kisha rudieni hesabu kwa masafa yale yale.